Upepo Unaokataa Kuteremka

Nilimdanganya mama yangu tukiwa juu ya Atlantiki, na alinishika palepale.

Ilikuwa mwezi wa pili, tunatoka Minneapolis kwenda Amsterdam, halafu Dar es Salaam. Mama alikuja Minnesota mwezi wa kumi na moja kumwona mjukuu wake, akakaa miezi mitatu akivaa majaketi mawili ndani ya nyumba yenye hita, na sasa nilikuwa namrudisha. Taa za ndani ya ndege zilikuwa zimezimwa, watu wamejifunika mablanketi, yeye macho makavu anakodolea kile kiramani cha kwenye skrini ya kiti. Mama ni fundi cherehani. Ameshona sare za shule Magomeni kwa zaidi ya miaka thelathini, na mafundi cherehani wana ugonjwa mmoja: wakiona vipimo viwili visivyolingana hawapati usingizi.

"Nilipokuja, ndege ilikaa hewani saa nane na dakika hamsini," akasema. "Niliandika kwenye kidaftari. Sasa hapa wanasema saa saba na robo. Mji ni uleule, ndege ni ileile. Imekuwaje?"

Nikamjibu kwa ujasiri wa mtu aliyewahi kupata B ya jiografia. Dunia inazunguka, mama. Sisi tukiwa huku juu, yenyewe inajizungusha chini yetu, ndiyo maana upande mmoja unafika haraka.

Akanyamaza. Kisha, kwa sauti ya chini ili asimwamshe jirani: "Jua linachomoza wapi?"

"Mashariki."

"Kwa hiyo dunia inazungukia upande gani?"

"Mashariki."

"Na sisi tunaelekea wapi?"

"Mashariki."

"Basi huko tunakokwenda kunatukimbia. Hii ndiyo ilitakiwa iwe safari ndefu."

Sikuwa na la kusema. Kwenye skrini yake ilikuwa imeandikwa kimo, mita 11,300; kasi juu ya ardhi, kilomita 1,090 kwa saa; na chini kabisa, kwa herufi ndogo, upepo wa nyuma, 190. Nikakinyooshea kidole hicho kimstari cha chini. Akakisoma, akavua miwani. "Upepo. Sasa si ungesema hivyo tangu mwanzo? Na unatoka wapi?"

Jibu la swali hilo limenichukua karibu mwaka mzima.

Cha kwanza kuelewa ni kwamba ndege haina habari na ardhi. Injini inaisukuma ndani ya hewa, na mwendo wake ndani ya hewa hiyo ni kama kilomita 900 kwa saa, iwe inakwenda Ulaya au inarudi. Hewa yenyewe ikiwa inatembea, ndege inabebwa nayo. Panda pantoni ya Kigamboni, tembea kutoka nyuma kwenda mbele: hatua zako ni zilezile za kila siku, ila aliyesimama ufukweni anakuona unampita mwenzako aliyekaa. Geuka urudi nyuma, huyo wa ufukweni ataona unajikokota. Usiku wa Februari 8 kuamkia 9, 2020, dhoruba Ciara ikiwa njiani kuelekea Uingereza, Boeing 747 ya British Airways ilitoka New York ikatua London kwa saa 4 na dakika 56. Kasi yake juu ya ardhi ilifika takriban kilomita 1,327 kwa saa, kasi inayozidi ya sauti. Kizingiti cha sauti haikukivunja, maana ndani ya hewa yake ilikuwa inakwenda mwendo wake wa kawaida tu. Pantoni ndiyo iliyokuwa na haraka.

Wanaopanga safari za Atlantiki wanacheza na jambo hili kila siku. Waongozaji wa anga wa upande wa Kanada na wale wa upande wa Uingereza na Ireland huchora njia upya kufuata upepo wa siku hiyo. Njia za usiku za kwenda mashariki huwekwa ndani ya upepo. Za mchana za kwenda magharibi husogezwa pembeni, mara nyingi juu kaskazini. Mama alipokuja aliiona Greenland dirishani, milima ya barafu imetandazwa kwenye jua. Tulipokuwa tunarudi hakuona kitu ila giza.

Sasa, unatoka wapi?

Tuliokulia pwani tumezoea upepo wenye kwao. Kaskazi inatoka kaskazini, kusi inatoka kusini, kila mmoja na miezi yake na tabia yake. Huu wa juu hauna kwao. Unazunguka dunia nzima kutoka magharibi kwenda mashariki, unajiuma mkia, na wataalamu wa hali ya hewa wanauita mkondo wa jeti. Ni utepe: urefu wake maelfu ya kilomita, upana mamia, unene kilomita chache tu. Kinachouzaa ni tofauti ya joto kati ya upande mmoja wa utepe na upande wa pili.

Andazi likipata joto linaumuka, na hewa ni vivyo hivyo. Chukua nguzo ya hewa juu ya Dar na nyingine juu ya Minnesota, zenye uzito unaokaribiana. Ya Dar imeumuka, ya Minnesota imesinyaa. Ukipanda juu ya Dar hadi pale ambapo nusu ya hewa yote imebaki chini yako, utakuwa kwenye kama mita 5,870, na tofauti ya Januari na Julai ni ndogo mno. Juu ya Minnesota, siku ya baridi ya kutoa machozi, nusu hiyo utaifikia kwenye mita 5,000 na kidogo. Kwa hiyo huko juu kuna mteremko. Chini, mgandamizo wa hewa unaweza kuwa karibu sawa kila mahali. Kilomita kumi juu, upande wa joto bado una hewa nyingi iliyobaki juu yake, upande wa baridi hewa imeshaishia chini.

Hewa ikiwa juu ya mteremko kama huo inataka kuporomoka kuelekea kwenye baridi, yaani kaskazini. Inaanza, lakini dunia inazunguka, na mzunguko huo unaipinda. Kaskazini mwa ikweta kila kinachotembea hewani hupindishwa kulia. Inapindwa mpaka inajikuta inakimbia kando ya mteremko: joto mkono wa kulia, baridi mkono wa kushoto, haipandi wala haishuki. Aliyewahi kutembea vijia vya Lushoto anajua. Njia inakata ubavu wa mlima, bonde unaliona chini yako, unatembea saa nzima na hulifikii.

Hapo ndipo nilipokuwa nimekosea kabisa katika kuwazia upepo huu. Nilidhani ni hewa ya baridi inayoshuka kwa nguvu kutoka Ncha ya Kaskazini. Kumbe unapita mpakani tu, na kadiri mpaka ulivyo mkali ndivyo unavyokimbia. Majira ya joto, nchi za kaskazini zikipata jua saa kumi na nane kwa siku, tofauti ya joto kati yao na tropiki, yaani ukanda wa ikweta, inapungua, upepo unalegea na kusogea karibu na ncha. Majira ya baridi jua linaiacha kabisa Aktiki, eneo la Ncha ya Kaskazini, wakati kwetu linaendelea kuchoma kama kawaida. Mteremko unakuwa mkali, mkondo unashuka kusini, na kasi za kilomita 200 au 300 kwa saa zinakuwa habari ya kawaida.

Na kwa nini kilomita kumi, isiwe mbili au thelathini? Kwa sababu tofauti inajilimbikiza. Kila tabaka unalopanda linaongeza kidogo kwenye mteremko, na upepo unaongezeka nalo, mpaka unapofika kwenye tropopauzi, dari ambalo hali ya hewa tunayoijua inaishia chini yake. Juu ya dari hilo mambo yanageuka. Kwa kimo kilekile, hewa ya juu ya ncha inakuwa na joto kuliko ya tropiki, deni linaanza kulipwa, upepo unapungua. Kiini cha mkondo kinakaa pale chini kidogo ya dari, mahali ambapo jumla imefika kileleni. Ni hesabu ya daftari la duka, na mimi mwenyewe niliielewa nilipoacha kusoma milinganyo nikaanza kujumlisha matabaka kwa kalamu.

Amsterdam tulikaa saa nne tukisubiri ndege ya pili. Nilikuwa nimeshasoma kidogo kwenye simu, nikamwelezea mama kwa leso mbili za karatasi, moja ya joto, moja ya baridi. Akaziunganisha kingo. "Mshono," akasema. "Upepo unapita kwenye mshono." Nimesoma maelezo mengi tangu siku hiyo, na sijaona neno linalolizidi.

Ndege ya Dar ilikuwa ya mchana. Tumeivuka Mediterania, tumeingia Misri, chini ni jangwa la rangi ya biskuti, juu anga jeupe tupu isipokuwa wingu moja jembamba lililonyooka kutoka upeo hadi upeo kama uzi uliotolewa kwenye kitambaa. Mhudumu alikuwa amemaliza kumimina chai. Kwanza ilikuwa kama gari linaloingia barabara ya changarawe. Halafu sakafu ikaondoka. Chai ya mama ikapanda ukingoni mwa kikombe, ikasimama pale kana kwamba inafikiri, ikamwagikia kwenye khanga. Taa za mikanda zikawaka, mhudumu akashika kitasa cha kiti, nyuma yetu mtu akaanza kusoma dua kwa sauti. Dakika kumi hivi, kisha kimya.

"Mbona hakuna wingu?" mama akauliza, akiwa anajifuta. "Ndege si inatikiswa na mawingu?"

Tulikuwa tumevuka mshono wa pili.

Majira ya baridi kaskazini kuna mikondo miwili. Wa kwanza, wa upande wa ncha, ndio uliotusukuma Atlantiki. Huo unayumba sana, leo uko Kanada kesho Texas. Wa pili ni mtulivu wa mahali, hauhami sana. Unapita karibu na nyuzi 30 kaskazini mwa ikweta: Afrika ya Kaskazini, Misri, Uarabuni, kusini mwa Himalaya, hadi Japani. Unakaa juu zaidi, kama kilomita 12. Kila anayeruka kutoka Dar au Nairobi kwenda Ulaya Januari analazimika kuukata, na kwa kuwa anaukata ubavuni haumwongezei wala kumpunguzia muda wa maana. Anachopata ni kutikiswa. Pembezoni mwa utepe, kasi inabadilika mno ndani ya kimo kidogo. Matabaka yanasuguana, yanakunjana, yanavunjika kama mawimbi, na hakuna wingu la kumwonya rubani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading walionyesha mwaka 2023 kwamba juu ya Atlantiki ya Kaskazini saa za mitikisiko mikali ya aina hii, kwa mahali pa kawaida, ziliongezeka kwa asilimia 55 kati ya 1979 na 2020.

Huu mkondo wa pili unaanzia kwetu, na hapo ndipo niliposhtuka. Desemba hadi Februari, mvua zikiwa kusini mwa Tanzania, Zambia na Kongo, yale mawingu makubwa ya alasiri yanarusha hewa juu hadi chini ya dari, kilomita kumi na kitu. Ikifika huko haina pa kwenda ila pembeni, na nyingi inaelekea kaskazini, kwenye baridi. Inaondoka na mzigo. Ardhi ya ikweta inazunguka na dunia kwa kilomita 1,670 hivi kwa saa, na hewa iliyotulia juu yake ina mwendo huohuo. Kwenye nyuzi 30 duara la dunia ni dogo, ardhi ya pale inakwenda kilomita 1,450 tu. Hewa yetu inafika na mwendo wa nyumbani, na kadiri inavyosogea karibu na mhimili wa dunia mwendo unaongezeka, kama mtoto anayejizungusha na mikono wazi kisha akaikunja kifuani. Kama isingepoteza chochote njiani, ingefika Misri ikiipita ardhi kwa takriban kilomita 480 kwa saa kuelekea mashariki. Inapoteza, inachanganyika, inafika na nusu ya hiyo au pungufu. Inatosha kumwaga chai.

Kwa hiyo uongo wangu ulikuwa na punje ya ukweli ndani yake. Mzunguko wa dunia unahusika kweli, ila kwa njia ambayo sikuwahi kuifikiria. Nilipomwambia mama alisema punje ya mchele haimfanyi mtu aseme amepika pilau.

Ukipasua angahewa katikati, kutoka ikweta hadi ncha, ukaitazama kwa ubavu, hilo dari halijanyooka. Kwetu liko kilomita 16 au 17 juu. Ukifika nyuzi 30 linaanguka ghafla hadi 12 hivi, kisha kwenye mpaka wa hewa ya Aktiki linaanguka tena hadi nane au tisa. Ni ngazi ya vidaraja viwili, na kwenye kila kidaraja umelala mkondo mmoja. Kuna mahali vidaraja hivi vinasogeleana hadi karibu vinakuwa kimoja, nako ni Japani. Baridi ya Siberia inashuka, joto la Pasifiki linapanda, na mikondo miwili inaungana kuwa mmoja wenye nguvu kuliko wowote duniani.

Haishangazi kwamba Mjapani ndiye aliyeupima mapema. Wasaburo Oishi, kwenye kituo cha Tateno kaskazini-mashariki mwa Tokyo, miaka ya 1920 alikuwa anarusha maputo na kuyafuata kwa darubini ya kupimia pembe, siku baada ya siku. Akaona kwamba majira ya baridi, juu ya Japani, maputo yanakimbizwa mashariki kwa kasi ambayo hakuna aliyeitarajia. Mwaka 1926 akachapisha ripoti yake kwa Kiesperanto, lugha iliyoundwa ili watu wa mataifa yote waelewane, kwa matumaini kwamba ulimwengu utaisoma. Ulimwengu haukuisoma. Mimi ninayeandika mambo haya kwa Kiswahili, na nikiulizwa kila mara kwa nini nisiandike Kiingereza, nina huruma maalumu na bwana Oishi.

Wamarekani waliujua kwa njia ngumu. Novemba 24, 1944, Vita vya Pili vya Dunia vikiendelea, ndege zao za mabomu za B-29 zilifika juu ya Tokyo kimo cha kilomita tisa hivi, zikakuta upepo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa mgongoni. Mitambo ya kulengea mabomu haikuwa imetengenezewa kasi hiyo, na kiwanda cha injini cha Musashino kilichokuwa kinalengwa kikaguswa kidogo tu. Mwezi huohuo Wajapani nao walikuwa wameanza kuutumia. Waliunda maputo ya karatasi ya kipenyo cha mita kumi, karatasi za kienyeji zilizogundishwa kwa uji wa kiazi kiitwacho konyaku, na waliozigundisha wengi walikuwa wasichana wa shule. Puto likiningʼiniza mabomu na mifuko ya mchanga lilipanda hadi kwenye mkondo. Usiku gesi ikipoa na puto kuanza kushuka, kifaa kiliangusha mfuko mmoja, likapanda tena. Siku tatu hivi, Pasifiki yote imevukwa. Yalirushwa takriban 9,300 hadi Aprili 1945. Mengi yalipotea baharini. Mei 5, 1945, karibu na kijiji cha Bly, Oregon, mwanamke mjamzito na watoto watano waliokuwa kwenye pikiniki walilikuta moja porini. Likalipuka. Wote sita wakafa.

Mama nilipomsimulia hilo, kitu alichouliza kilikuwa kuhusu wale wasichana: waliambiwa wanagundisha nini?

Kusini mwa ikweta kuna mikondo yake pia, na majira yake ya baridi ni Juni hadi Agosti. Agosti 2, 1947, ndege iitwayo Star Dust ilitoka Buenos Aires kwenda Santiago na watu 11. Milima ya Andes ilikuwa imefunikwa na mawingu, rubani akapanda juu kuyakwepa, akaingia kwenye upepo wa mbele ambao enzi zile marubani wachache sana walijua kuwa upo. Inaaminika kuwa kwa hesabu ya saa na mwendo waliona wameshaivuka milima. Hawakuwa wameivuka. Walianza kushuka ndani ya mawingu na kugonga barafu ya mlima Tupungato. Barafu ikawameza, ikawatembeza polepole ndani yake, na mabaki yakaanza kutokea chini ya mlima mwaka 1998, zaidi ya miaka hamsini baadaye. Nasoma habari hiyo nikikumbuka kile kimstari cha herufi ndogo kwenye skrini ya kiti.

Mitaani kwetu Minnesota hakuna anayezungumzia mkondo wa jeti. Wanazungumzia "vortex". Televisheni zililipenda neno hilo na sasa kila baridi inabandikwa jina hilo, hata ile ya kawaida ya kumkuta mtu amesahau glavu. Vortex ya kweli ni gurudumu la upepo lililo juu zaidi, kuanzia kilomita 15 hadi 50, linalozunguka ncha usiku mrefu wa Aktiki. Likivurugwa huko juu, kama lilivyogawanyika mwanzoni mwa Januari 2019, athari zinaweza kushuka na kuupinda mkondo wa chini wiki kadhaa baadaye. Lakini anayekuletea baridi mlangoni ni mkondo.

Nao haunyooki. Unapinda kwa mawimbi makubwa, manne, matano, sita kuuzunguka ulimwengu, ambayo Carl-Gustaf Rossby, Msweden aliyefanya kazi Marekani, aliyaeleza kwa hesabu mwaka 1939. Pale wimbi linapopanda kaskazini panaitwa mgongo, linaposhuka kusini panaitwa bonde. Ukikaa chini ya mgongo unavua koti Januari. Ukikaa ndani ya bonde, ukingo wa Aktiki umehamia kwako. Januari 30, 2019, Minneapolis ilifika nyuzi 33 chini ya sifuri, na posta ya Marekani ikasitisha kugawa barua jimboni. Nilitoka nje kwenda kuwasha gari, dakika mbili, nywele za puani zikaganda na kusimama kama sindano. Wakati huohuo Alaska kulikuwa na uvuguvugu usio wa kawaida kwao. Wimbi ni lilelile, sisi tulikuwa upande wa bonde.

Theluji nayo ina adabu zake. Ndani ya utepe kuna vipande vinavyokimbia kuliko vingine. Hewa inaharakisha inapoingia kwenye kipande hicho, inapunguza mwendo inapotoka, na kwenye kuharakisha na kupunguza huko ile mizani niliyoieleza, kati ya mteremko na mzunguko wa dunia, inatetereka. Kona ya kushoto mbele, hewa ya juu inatawanyika. Ya chini inapanda kuziba pengo. Mgandamizo unashuka, mawingu yanajengeka. Siku hizi nikiona kwenye ramani ya kimo cha kilomita tisa kwamba kona hiyo inatukalia kesho usiku, nahamisha gari kabla halmashauri haijatangaza kwamba barabara zinasafishwa theluji. Nimepatia mara nyingi kuliko nilivyokosea. Jirani yangu, Msomali mwenye duka, ananiita mganga.

Desemba iliyofuata nilikwenda Chanhassen, kusini-magharibi mwa Minneapolis, ilipo ofisi ya hali ya hewa ya taifa. Huko wanarusha puto mara mbili kwa siku, kwa wakati mmoja na vituo vingi vingine duniani. Nilisimama nje barabarani, saa kumi na moja jioni. Jua lilikuwa limeshazama, theluji imegeuka samawati, kila pumzi inatoka kama moshi wa jiko. Mlango wa kibanda ukafunguka, akatoka mtu mmoja amekumbatia puto jeupe linalomzidi urefu, likimvuta huku na huku kama mbuzi mkaidi. Akaliachia bila sherehe. Chini yake kulikuwa na kamba, na kwenye kamba kiboksi chepesi cha ukubwa wa pakiti ya maziwa chenye kupima joto, unyevu na mgandamizo, na kutuma habari kwa redio.

Linapanda mita 300 hivi kwa dakika. Mwanzoni lilielea kuelekea kusini-magharibi, maana upepo wa chini ulikuwa mwepesi tu. Kisha likawa kitone. Nikaliona linasita, linageuka, linaanza kutembea mashariki. Nililifuata kwa macho mpaka nikapata maumivu ya shingo. Litaendelea kupanda, litavimba kadiri hewa inavyopungua nje yake, litapasuka zaidi ya kilomita thelathini juu. Upepo unasomwa kutokana na jinsi lilivyopelekwa. Ni puto la namna hii hii, lililorushwa karibu na Washington usiku wa Februari 17, 2024, ambalo lilikuta upepo wa takriban kilomita 426 kwa saa.

La kwetu siku hiyo lilikuta 230. Niliona matokeo usiku nikiwa jikoni. Dar ilikuwa usiku wa manane kupita, siwezi kupiga, nikamtumia mama ujumbe wa sauti wa dakika sita: andazi, mteremko, kijia cha Lushoto, ngazi, yote. Nikamaliza kwa kumwomba radhi kwa yale ya kwenye ndege.

Asubuhi nikakuta amejibu. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na mlio wa cherehani, hakuwa amesimamisha kazi.

"Nimesikia mwanangu, na nimeelewa. Kumbe majira ya joto huo upepo unalegea. Basi safari hii nitakuja mwezi wa saba, nisicheleweshwe njiani."

Nikamwambia mwezi wa saba nauli ni mara mbili.